Mapipa ya Mama Sabuni

Kila asubuhi, uani kwa Mama Sabuni palikuwa na pilikapilika. Wakaanga viazi na wakaanga samaki wa mtaa ule walipita mmoja mmoja, kila mtu na ndoo yake. Ndani ya ndoo mlikuwa na mafuta meusi, yale yaliyokaangiwa mpaka yakachoka. Mama Sabuni aliyapokea, akayachuja kwa kitambaa, akayamwaga kwenye mapipa. Harufu yake, jamani, si ya kusimulia. Ukipita pale na nguo safi, unafika uendako unanuka kama kikaango.

Wanawake kadhaa wa mtaa walifanya kazi naye. Mmoja alikuwa wifi yake, dada wa mumewe. Watu walimwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Alijua nani amehama, nani amehamia, nani amenuna na kwa nini. Mambo ya mawifi mnayajua wenyewe. Hawa wawili walitaniana kutwa. Redio alisema wifi yake anakoroga sabuni kama anayembembeleza mtoto. Mama Sabuni alijibu kwamba afadhali yeye anakoroga kwa mikono, maana kuna mtu hapa anakoroga kwa mdomo. Walicheka, kazi ikaenda.

Kazi yenyewe haikutaka mzaha. Kuna kostiki, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni. Inaunguza ngozi, inaharibu macho. Kwa hiyo walivaa glavu na miwani. Walitia dawa kwenye maji, kidogo kidogo. Hawakumwaga maji juu ya dawa hata siku moja, maana hapo huchemka ghafla na kuruka. Baadaye walitia mafuta, wakakoroga kwa mwiko mrefu wa mbao. Hapo kwenye kukoroga ndipo mabega yalipolia. Uji ulipokuwa mzito, waliumwaga kwenye fremu za mbao. Ukiganda, waliukata vipande na kuvipanga rafuni. Vipande vilikaa wiki kadhaa, vikauke na ukali upungue.

Biashara hii ilizaliwa na mafuriko. Chumba cha Redio kilikuwa kando ya mtaro. Mvua ikinyesha, maji yalipanda na kuingia ndani bila kupiga hodi. Mwaka mmoja yaliingia mengi mpaka godoro lake likaelea. Watu walitoka na makoleo, wakafukua mtaro. Wakakuta umezibwa na mafuta yaliyoganda, magumu kama nta. Wakaangaji wote walikuwa wakimwaga mafuta yao humo, na hakuna aliyefikiri yanakwenda wapi.

Redio alisimama pale, koleo mkononi, matope mpaka magotini. Alimgeukia wifi yake, ambaye zamani alijifunza kutengeneza sabuni katika kikundi cha akina mama.

"Wifi," alisema, "sabuni si hutengenezwa kwa mafuta? Basi mafuta ndiyo haya."

Wakaanza. Wakaangaji wakaacha kumwaga mafuta mtaroni, wakawa wanayaleta uani. Maji ya mvua yakapata njia. Wanawake wakapata kazi. Na sabuni ilitoa uchafu kwelikweli, hata mafundi wa magari waliisifu.

Lakini maduka hayakuitaka. Kila muuza duka aliuliza swali lilelile: alama ya ubora iko wapi? Sabuni isiyopimwa hawawezi kuiweka dukani. Mama Sabuni hakujua sabuni hupimwa wapi, wala mtu huanzia wapi. Aliuza kwa majirani tu, na majirani nao nguo zao zina mwisho. Rafu zikajaa. Vipande vikapangwa chini ya kitanda, kisha juu ya kabati.

Siku moja alimwambia mumewe, fundi baiskeli, kwamba mambo yakiendelea hivi itabidi wale wanawake watafute kazi kwingine. Alisema hayo akitazama sufuria, asimtazame mumewe. Redio hakuwa na kazi nyingine. Wenzake walikuwa na watoto wa kulisha. Na mafuta je? Yangerudi mtaroni, na mtaro ungerudi chumbani kwa Redio. Moyo ulimuuma Mama Sabuni, lakini hakuona njia.

Jirani yao mmoja aliitwa Mama Pacha. Alifanya kazi katika ofisi inayosaidia wafanyabiashara wadogo. Alikuwa mteja mzuri, maana mwenye pacha hapumziki kufua. Jioni moja alikuja kununua sabuni, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasema ana habari.

"Kuna tuzo ya biashara changa zinazojali jamii," alisema. "Jirani, hii ni yenu kabisa."

Mama Sabuni alicheka. Alisema tuzo ni za watu wenye tai na ofisi za vioo. Yeye ofisi yake ni ua, na kiyoyozi chake ni upepo.

"Nisikilize," Mama Pacha alisema. "Hawatafuti biashara kubwa. Wanatafuta inayoanza. Inauza, inajilipa yenyewe, na papo hapo inawaondolea watu shida. Sadaka ni jambo jingine. Ninyi mnauza sabuni, mmewapa watu kazi, na mtaro unapitisha maji. Wanataka nini tena?"

"Na wakitupa kikombe?" Redio aliuliza. "Tukorogee sabuni?"

Mama Pacha alieleza kwamba kikombe ndicho kitu kidogo kuliko vyote. Wanaofanya vizuri hupewa mshauri wa kuwafuata kwa mwaka mzima. Hupewa mafunzo ya kupanga bei na kutunza hesabu. Husaidiwa kupata vifaa, kupeleka bidhaa ikapimwe, na kukutana na wanunuzi. Aliposikia neno "ikapimwe", Mama Sabuni aliacha kucheka. Akasogeza ndoo yake karibu.

Mama Pacha aliwatahadharisha pia. Tuzo hii haina kiingilio, na mshindi hadaiwi chochote ili apewe zawadi yake. Mtu akikupigia simu akasema umeshinda kitu ambacho hukuomba, kisha akakutaka utume pesa kwanza, huyo ni tapeli. Redio alisema simu ya namna hiyo alishapigiwa. Alimwambia yule tapeli aje achukue pesa mwenyewe, na akija abebe ndoo moja ya mafuta, mapipa yako mbali.

Basi wakaomba. Mawifi walisimulia, Mama Pacha akaandika: mafuta, mtaro, godoro kuelea, yote bila kuficha. Wakangoja mpaka wakaanza kusahau. Kisha simu ikaja. Wamepita mchujo wa kwanza, na waamuzi watakuja kuwatembelea wiki ijayo. Redio aliutangazia mtaa mzima kabla chai haijapoa.

Hapo ndipo Mama Sabuni alipoharibu.

Mama Pacha alikuwa amesafiri kikazi, kwa hiyo hakukuwa na wa kumuuliza. Mama Sabuni alikumbuka tangazo la kiwanda cha sabuni aliloliona kwenye televisheni. Kuta nyeupe, watu wenye makoti meupe, hakuna tone chini. Alitazama ua wake. Alitazama mapipa meusi yenye utando wa mafuta. Akajiuliza mtu mwenye akili zake atawapaje tuzo watu wa namna hii. Akaona haya.

Siku moja kabla ya wageni, aliyavingirisha mapipa yote nyuma ya nyumba, akayafunika turubai. Alipiga deki ua mpaka ukateleza. Aliazima meza, kitambaa na maua ya plastiki kutoka saluni. Sabuni nyeupe alizipanga juu ya meza. Za rangi ya kahawia alizisukuma chini ya kitanda. Mwisho akapuliza manukato kila pembe, na sasa ua ukanuka kama kikaango kinachokwenda harusini.

Likabaki pipa moja, lenye miguu na mdomo.

"Wifi," Mama Sabuni alisema bila kumtazama, "kesho wageni wakija, wewe pumzika nyumbani."

"Kwa nini?"

"Utasema."

"Nitasema nini?"

"Kila kitu. Mafuta machafu, mtaro, godoro. Wale ni watu wakubwa, wifi. Watatuona wachafu."

Redio alivua glavu zake, kidole baada ya kidole. Mama Sabuni alingoja utani. Haukuja. Redio alisema "sawa", akaziweka glavu juu ya rafu, akaondoka. Ua ukawa kimya, na kimya kile kilimkera Mama Sabuni kuliko kelele zote alizowahi kuzilalamikia.

Mumewe alikuwa anajaza upepo gurudumu. Alikuwa mtu wa maneno machache, maana kwao maneno yote alichukua dada yake.

"Mapipa umeyaficha," alisema. "Na dada yangu naye ni pipa?"

Mama Sabuni alimwambia hajui mambo ya biashara. Mumewe akaendelea kujaza upepo.

Kesho yake wageni wakaja. Walikuwa mama mmoja wa makamo aliyevaa raba, na mwenzake mwenye begi mgongoni. Walipewa viti. Mama wa raba alichukua kipande cha sabuni, akakinusa, akakisugua kwa kidole. Akauliza mafuta yako wapi, maana katika maombi yao walisoma habari nzuri sana za mafuta yaliyotumika.

"Hayo yalikuwa ya mwanzo," Mama Sabuni alisema. "Sasa tumeendelea. Tunatumia mafuta mapya, safi, ya dukani."

Maneno yalitoka vizuri, kwa sababu alikuwa ameyafanyia mazoezi. Alingoja mgeni afurahi. Mgeni hakufurahi.

"Mafuta mapya ni ghali," alisema. "Sabuni yenu itashindanaje na ya kiwandani?"

Mama Sabuni alikinyoosha kitambaa cha meza.

"Na wale wakaangaji, siku hizi wanamwaga wapi mafuta yao?"

Angesema wapi? Mtaroni? Kwa uongo mdogo tu, mtaro wote aliuziba upya kwa mdomo wake. Jasho lilimtoka ndani ya blauzi ya kuazima. Mama wa raba alimtazama mwenzake, na mwenzake akaanza kufunga begi. Yule mama alisema kwa upole kwamba walikuja hasa kuyaona yale mapipa, lakini si neno, kila biashara ina njia yake.

Sasa, kuna jambo Mama Sabuni alilisahau. Siku ile hakutaka wakaangaji waje. Lakini habari za mtaa ule zilisambazwa na Redio, na Redio alikuwa amezimwa. Hakuna aliyewaambia. Kwa hiyo, kama kawaida, mkaanga viazi akaingia na ndoo yake. Nyuma yake akaingia mama wa samaki na ya kwake. Wakasimama katikati ya ua unaong'aa, wanashangaa maua.

"Mama Sabuni," mkaanga viazi aliuliza, "leo mapipa yako wapi?"

Angeweza kumwambia amekosea nyumba. Maneno yalishafika kwenye ulimi. Lakini aliitazama ile ndoo. Mkaanga viazi alikuwa ameufunga mfuniko wake kwa kamba, ili hata tone lisimwagike njiani. Huyu ndiye aliyekuwa akimwaga karai zima mtaroni, huku anapiga mluzi. Nani alimbadilisha? Mama Sabuni akaona haya kwa mara ya pili, na sasa haikuwa haya ya uchafu.

"Yako nyuma," alisema. "Nimeyaficha mimi."

Akawageukia wageni.

"Nimewadanganya. Mafuta mapya hatuna. Tuna haya haya, na yananuka. Niliona haya nisije nikaonekana mchafu mbele yenu. Naomba mnisubiri kidogo. Mwenye habari hizi ni wifi yangu, na jana nimemfukuza."

Hakungoja jibu. Alitoka, akavuka mtaro, akapiga hodi. Redio alikuwa ameketi kitandani, anakunja nguo ambazo zilishakunjwa.

"Wifi, nimekukosea," Mama Sabuni alisema. "Nimekukosea sana. Nilikuona haya, na wewe ndiye uliyeianzisha kazi hii."

Redio alikunja blauzi nyingine.

"Wageni wameondoka?"

"Wapo. Njoo uwaambie."

"Niwaambie nini?"

"Kila kitu."

Redio aliiweka blauzi chini. Alimtazama wifi yake, na macho ya wote wawili yakalowa. Kisha akajivuta kutoka kitandani.

"Kila kitu ni maneno mengi," alisema. "Ngoja nivae viatu."

Redio hakuanzia uani. Aliwapeleka wageni mtaroni kwanza. Aliinua kibao cha zege kinachoufunika, akawaonyesha maji yanavyopita. Aliwaingiza chumbani kwake wakaona alama ya maji ya zamani ukutani, juu ya kitanda. Ndipo akawapeleka nyuma ya nyumba, akavuta turubai lote chini. Mkaanga viazi akamwaga mafuta yake mbele yao, na mama wa samaki akaeleza jinsi Redio alivyomsema hadharani mpaka akaacha kuchafua mtaro. Mama Sabuni alizitoa sabuni za kahawia chini ya kitanda. Alionyesha rafu zilizojaa. Alisema wazi kwamba mabega yao yamechoka, maduka yanawakataa, na hawajui waende wapi sabuni ikapimwe.

Mama wa raba alisikiliza yote. Alipomaliza kunawa mikono kwa sabuni ya kahawia, alisema:

"Mama, kama msingekosa kitu, mngetaka msaada wa nini? Tuzo hii ni ya wanaoanza. Lazima tuone mlipo, na mnapokwama, ndipo tujue pa kuwashika mkono. Ukipaka rangi juu ya kidonda, tutakusaidia mahali ambapo hapaumi."

Mama Sabuni alikubali kwa kichwa.

"Na kingine. Kwamba umetudanganya, nitawaambia wenzangu. Sifichi. Nitawaambia pia kwamba ulijisahihisha mwenyewe, na hakuna aliyekulazimisha."

Basi wakaenda zao. Mawifi walibaki wakirudisha mapipa mahali pake. Redio alichukua glavu zake juu ya rafu, akazivaa.

Siku ya kutangazwa washindi ilipofika, tuzo ya kwanza hawakuipata. Ilikwenda kwa seremala mmoja anayetengeneza viti vya magurudumu kwa mbao na magurudumu ya baiskeli kuukuu, na hata mume wa Mama Sabuni alisema yule jamaa anastahili. Lakini kundi la sabuni liliitwa pia jukwaani, miongoni mwa waliopewa msaada wa mwaka mzima. Mama Sabuni alimvuta wifi yake mkono, akampa kipaza sauti. Redio aliutazama ule umati. Alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Machozi ndiyo yaliyotoka. Mama Sabuni akachukua kipaza sauti, akasema huyu ndiye aliyesema mafuta ndiyo haya, na kwamba leo ndiyo mara ya kwanza kumwona amenyamaza, kwa hiyo wampigie makofi wakati nafasi ipo. Ukumbi ukacheka mpaka Redio naye akacheka.

Mshauri wao alikuwa mzee aliyestaafu kiwandani. Aliwafundisha kupima kwa mizani badala ya kukadiria kwa kikombe. Aliwasaidia kupata mashine ya kukoroga, na mabega yakapumua. Alipanga sehemu ya kuchuja mbali na sehemu ya kukatia. Sabuni ikapelekwa kupimwa, ikarudi imeshindwa, kwa sababu ilikuwa na ukali uliozidi. Zamani Mama Sabuni angeificha karatasi ile. Safari hii aliwaita wote, wakasomewa, wakapunguza kostiki, wakaongeza muda wa kukausha. Ilipopelekwa tena, ikapita.

Alama ya ubora ilipopatikana, likaja suala la karatasi ya kufungia. Redio alitaka iandikwe mbele, kwa herufi kubwa: IMETENGENEZWA KWA MAFUTA YALIYOTUMIKA. Wengine waliogopa wateja watakimbia. Mama Sabuni alisema iandikwe hivyohivyo. Wateja hawakukimbia. Wengi waliisoma, wakauliza, na waliouliza wakanunua. Maduka yakaanza kuagiza, na wanawake wengine wa mtaa wakapata kazi. Mtaa wa pili nao ukaomba uwekewe pipa la mafuta. Mvua zikaja, kubwa, za siku nyingi. Maji yakapita mtaroni yakaenda zake. Redio akalala fofofo juu ya godoro kavu, na asubuhi akawatangazia watu kwamba amelala.

Siku hizi mapipa hayako nyuma ya nyumba. Yako mbele, karibu na mlango, yamepakwa rangi. Harufu ni ileile. Kina mama wa mitaa mingine huja kujifunza, na Mama Sabuni huwaonyesha yote, hata kipande cha sabuni iliyoshindwa, ambacho amekiweka juu ya rafu.

Juzi walikuwa wanangoja kundi jingine la wageni. Redio aliegemea pipa, akavua glavu zake taratibu, kidole baada ya kidole, huku akimtazama wifi yake kwa pembe ya jicho.

"Wifi, leo wageni wanakuja," alisema. "Niende nyumbani nikapumzike?"

Mama Sabuni alimrushia kitambaa cha kuchujia.

"Uende wapi," alisema. "Nani atasema?"